Kabati la vioo la mama: mkalishe kwanza umuulize, kuchagua kuje baadaye

Mleta mada, salaam, na hongera kwa nyumba mpya.

Nirudie kidogo kwa faida ya wanaoingia sasa. Mama yake mleta mada anatoka Tanga mjini kwenda kukaa kwa binti yake, na kamwachia mleta mada kabati la vioo na vyote vilivyomo. Yeye yuko Kibaha, na mwenzi wake, shemeji yetu, anautaka ukuta ambao kabati lingekaa kwa ajili ya televisheni. Juu ya hayo kuna jamaa wa vyuma chakavu aliyekwisha kutaja bei ya vyombo vya shaba kwa kilo. Wachangiaji wengi wamemwambia auze, vitu vya kizamani vinakusanya vumbi tu.

Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kabati la namna hiyo ninalitunza mwenyewe, nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga mjini, tangu macho ya mama yalipopungua nguvu. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: usichague chochote, usiuze chochote, wala usifunge boksi hata moja kabla hujamkalisha mama mbele ya hilo kabati. Toa kitu kimoja kimoja, mpe akishike, muulize kilitoka kwa nani na kiliingiaje nyumbani. Washa simu irekodi, uiweke pembeni asiione sana. Wazee wetu wakishika kitu mkononi maneno yanakuja yenyewe. Ukimuuliza kwa simu ukiwa Kibaha atakujibu "ah, vikorokoro tu hivyo mwanangu", na utaamini.

Nasema hivyo kwa sababu ya kadi moja. Rafu ya chini ya kabati letu, chini ya sinia kubwa la shaba, ilikuwepo kadi ngumu ya rangi ya kaki iliyokunjwa katikati, imeliwa pembe moja na mende. Ndani ina visanduku 30 vilivyopangwa kwa safu, vingine vina alama ya penseli ya bluu, vya mwisho ni vitupu. Sisi watoto tuliiita "karatasi ya babu" na hakuna aliyejua zaidi. Siku ya usafi wa Ramadhani kaka yangu aliitupa kwenye rundo la takataka za kuchoma. Mama akainuka pale alipokuwa anachambua mchele, akaitoa kwenye rundo, akaketi nayo. Ndipo tulipoambiwa.

Ile kadi ni kipande. Babu mzaa mama ni Mbena wa Njombe, aliletwa Tanga kukata mkonge akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, enzi za SILABU, ile ofisi ambayo wenye mashamba waliianzisha mwaka 1944 kutafuta vibarua mikoani. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, kisanduku kimoja kilitiwa alama. Mshahara ulitoka visanduku vyote 30 vikijaa, siyo mwezi ukiisha. Ukiugua, au mvua ikikuzuia, kadi inakusubiri. Hii ya babu ilibaki na visanduku vinne. Mwiba wa ncha ya jani ulimwingia mguuni, mguu ukavimba akalala kambini, na aliporudi aliambiwa kadi ile imepitwa, aanze nyingine. Siku zote zile za alama ya bluu hakulipwa. Aliihifadhi akitumaini kudai. Hakudai. Mji wetu unasifiwa waja leo waondoka leo, ila yeye alikuja na hakuondoka. Alimwoa bibi, Mdigo wa huku huku, na kadi ikaingia kwenye sanduku la bibi, kisha kwenye kabati la mama.

Shuleni tulifundishwa kwamba mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, kwamba miche iliyofika hai ilikuwa 62, kwamba kufika 1964 nchi yetu ilitoa tani kama 230,000 na kuongoza duniani. Kisha bei ikaanguka kwa sababu ya kamba za nailoni, na mashamba mengi yakataifishwa 1967. Nilifaulu vizuri maswali hayo yote. Lakini vile visanduku vinne vitupu ndivyo vilivyonifanya niyatazame tofauti mashamba ya mkonge ninapopita kwenda Muheza, na vilikuwa dakika chache tu kabla ya kuwa majivu. Mtu wa kununua vyuma asingekitazama kipande, na wewe usingekijua. Kwenye kabati lenu kuna kitu cha aina hiyo. Sijui ni kipi, mama yako anajua.

Upande wa pili, kuna vitu utakavyodhani ni vya thamani ya ukoo kumbe vilinunuliwa stendi. Kwetu ilikuwa jagi la kioo la rangi ya zambarau ambalo tuliogopa hata kulipangusa. Mama alicheka, akasema alilipata kwenye mnada, hakumbuki hata mwaka. Tulimpa jirani aliyelipenda. Kuuliza kunasaidia pande zote mbili.

Sasa vikombe, maana umesema kuna seti ya vikombe vyenye maua na hamjawahi kuvinywea chai. Hapo nitakaa kidogo.

Vijana wa sasa wanaona vikombe vya kabatini ni maringo ya akina mama. Kumbukeni hali ilivyokuwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa hadi mwisho wa 1983. Kwa sisi wa Tanga, ambao Mombasa ni kwa ndugu, hilo lilikuwa jambo zito. Madukani kulikuwa na foleni za sabuni na sukari. Vyombo vizuri vya udongo ndiyo usiseme. Mama aliolewa katikati ya miaka hiyo akiwa na bilauri za plastiki na vikombe vya bati. Mpaka ulipofunguliwa, mama mdogo aliyekuwa Likoni, Mombasa, akaja kupitia Horohoro, pale mpakani, na kikapu amekipakata njia nzima, ndani vikombe vyeupe vyenye ukingo wa dhahabu na waridi dogo upande mmoja, kila kimoja kimeviringishwa kwenye nguo ya mtoto. Dada hawa wawili hawakuwa wameonana miaka yote ile. Pesa alizipata kwenye upatu, zamu yake ilipofika hakununua kingine ila hicho. Kwa hiyo mama alipovipanga kwenye rafu ya juu na kukataza watu kuvigusa, alikuwa anatunza siku ile ya dada yake kushuka garini.

Hata hivyo mimi navitumia. Hapo natofautiana na mama na tulibishana sana. Kila Idd vinatoka, vinaoshwa, wageni wanavinywea kahawa na kula halua. Idd moja mtoto wa kaka yangu alikidondosha kimoja kikapasuka vipande, sote tukamtazama mama. Akasema, "Mwacheni mtoto, hicho nacho kimekula chumvi." Tangu siku hiyo yeye mwenyewe ndiye anayeulizia mbona vikombe havijatolewa. Na kila vikitoka lazima habari ya mama mdogo na Horohoro isimuliwe, kwa hiyo watoto wanaijua wote. Vingebaki nyuma ya kioo, habari ile ingekwisha naye.

Nije kwa shemeji. Ana haki yake, nyumba ni yake pia, na kabati lililojazwa hadi dirishani linatia giza sebuleni. Ila kama kuna anayemwambia kupanga vyombo ukutani ni ushamba, huyo hajui Pwani. Nenda makaburi ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga. Nguzo za makaburi yale ya karne nyingi zilipachikwa bakuli za kigeni zilizokuja kwa jahazi, na vishimo vyake bado unaviona ingawa bakuli zenyewe nyingi zimeng'olewa. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa safu kwa safu ukutani kwa ajili ya sahani na vyombo vya thamani. Kabati la vioo la Ngamiani limechukua kazi hiyo hiyo. Mwonyeshe shemeji, halafu mchague pamoja. Maua ya plastiki, chupa tupu za manukato, kadi za harusi za watu msiowakumbuka, hivyo vinaweza kwenda. Televisheni ikae ukuta wake, kabati likae chumba cha kulia au hata koridoni.

Shaba usimuuzie yule jamaa. Ulitaja mrashi, na chetezo cha kufukizia udi. Mrashi una uzito gani? Utapata pesa ya vocha, na chombo kilichowanyunyizia marashi mawaridi wageni wa harusi ya bibi yako kitayeyushwa. Shaba ya Tanga inashika ukungu wa kijani kwa sababu ya hewa ya chumvi. Isugue kwa ndimu na majivu laini, isuuze kwa maji baridi mengi, ikaushe papo hapo kwa kitambaa. Usifanye hivyo kila wiki, nakshi zinalika. Cha kwetu kimoja kilisuguliwa na bibi hadi maua yake yamebaki kuonekana kwa kukipindua kwenye mwanga tu.

Sarafu ni kinyume. Kama mama ana zile za 1966, senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, sumuni yenye sungura, au za Mjerumani zenye tundu, usizisugue kabisa, si kwa ndimu wala kwa dawa ya meno. Mkusanyaji akiona sarafu kuukuu inang'aa kama mpya anaikataa. Vumbi liondolewe kwa maji na kitambaa, basi.

Kwa karatasi na picha kuna kosa ambalo watu wengi hulifanya kwa nia njema: kupeleka stationari zikapigwe plastiki. Joto na gundi vinaingia kwenye karatasi na haitoki tena. Kipande cha babu sasa kiko kati ya karatasi mbili nyeupe safi ndani ya bahasha kubwa, na nakala yake ndiyo iliyo kwenye fremu. Picha za studio za zamani zisigusane na kioo cha fremu, maana unyevunyevu wetu huzigandisha. Weka kipande cha kadi pembezoni ziachane na kioo. Iliyokwisha kuganda usiivute, ipige picha ikiwa hapo hapo.

Kabati lenyewe, kama ni la mvule, una bahati, mchwa hawalipendi. Kama ni mbao laini, liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani na miguu uiweke kwenye vikopo vya oili chafu mpaka ujue nyumba yako mpya ina mchwa au haina.

Umeuliza pia kuhusu makombe ya baharini na "kile kigamba kikubwa". Makombe ya zamani ya mama yaache, na likiwemo dondo, lile kauri kubwa lenye madoadoa, muulize kama kuna fundi cherehani kwenye ukoo. Mafundi walilainishia mishono kwa dondo. Mengine msinunue tena ufukweni, mengi huokotwa yakiwa hai. Kigamba kikiwa cha kasa usikiuze wala usikisafirishe nje, kasa wote wanalindwa na sheria na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Na kama ndani ya kabati kuna vigae vilivyookotwa Tongoni au magofu mengine, vipelekeni kwa watu wa mambo ya kale au makumbusho ya Urithi Tanga pale kwenye jengo la Mjerumani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na vigae vile vingi ni vya zamani kuliko hapo.

Jambo dogo la kumalizia kazi: baada ya kumrekodi mama, andika vijikaratasi, kimoja kwa kila kitu, jina la mwenye kitu na maneno mawili matatu, uweke ndani ya kikombe au chini ya sahani. Usibandike kwa gundi. Nyumbani kwetu wageni siku hizi wanainua vyombo wenyewe kusoma, na mara mbili hivi shangazi amesahihisha nilichoandika, tena kwa hasira, jambo lililonipa habari mpya kabisa.

Siku ya kuhama, toa vioo vya milango na rafu, vifungwe kwenye blanketi na visafiri vimesimama. Sahani zipange kwa ubavu zikiwa zimeviringishwa kanga, usizilaze, zilizolazwa ndizo zinazopasuka. Vikombe vipakate mwenyewe ndani ya gari, usivikabidhi kwa wa lori, kutoka Tanga hadi Segera matuta ni mengi.