Mbegu haifi kwa kiu

Assalaam alaikum mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikamsikilizisha baba yako, akacheka pale uliposema mbegu "zimegoma". Unasema ulipanda pakiti nzima ya mahindi matamu nyuma ya nyumba hapo Makete, yameota machache, mengine ukifukua unakuta uji unaonuka. Sasa una pakiti ya pili na unataka kujua jambo moja tu: uziloweke usiku kucha kabla ya kupanda, au usiziloweke.

Usiziloweke. Lakini la muhimu si hilo, mwanangu. La muhimu ni mbegu zitalala wapi.

Mbegu haifi kwa kiu, hufa kwa baridi. Umelisikia hilo kwangu tangu ukiwa unanishikia taa jikoni. Najua, mtu wa Dodoma akinisikia atanicheka, na haki anayo, maana kule mbegu hukaukia ardhini mvua ikichelewa. Haya, basi niseme mbegu ya mlimani haifi kwa kiu. Na wewe serikali imekupeleka mlima wenye baridi kuliko hata huu wetu wa Lushoto.

Mwaga mbegu zako kiganjani, uziweke pamoja na punje za mahindi ya unga za huyo mwenye nyumba wako. Zake zimejaa, ndani ni wanga mtupu. Zako zimekunjamana kama uso wa bibi yako mzaa baba, Mungu amrehemu, angekuwepo angecheka mwenyewe. Zimekunjamana kwa sababu sukari yake haikugeuka kuwa wanga kama ya wenzake, na wanga ndio chakula cha mche kabla haujapata majani ya kujilisha. Zimeanza safari na akiba ndogo. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hivi, huchomoza ndani ya wiki. Ukishuka kwenye nyuzi 10 au 12, zinaweza kukaa wiki tatu chini, akiba imekwisha, na ukungu umeshaonja sukari. Ndio huo uji uliouona. Na zile zinazosifiwa kwenye pakiti kuwa tamu kupita zote ndizo dhaifu kupita zote. Ukizitumbukiza majini hunywa kwa pupa mpaka zinaumia ndani.

Halafu kama zina rangi ya pinki, hiyo ni dawa ya ukungu. Usizishike halafu ukaenda kukanda unga, na zitakazobaki usiwape kuku wa mwenye nyumba ukaja kudaiwa.

Sasa sikiliza. Chukua kitambaa cha pamba, kiloweshe ukikamue mpaka kisidondoke tone, zipange mbegu zisigusane, zungushia, tia ndani ya mfuko na uuache mdomo wazi kidogo ipite hewa. Weka karibu na jiko. Karibu, sio juu yake: ukiweza kuacha kiganja hapo kwa muda wa kusoma Yasini nzima bila kutaka kukitoa, hapo panafaa. Kila asubuhi funua utazame. Kimzizi cheupe kikichungulia tu, ipande, usingoje kirefuke, kinakatika ukikigusa. Ambazo hazijafanya kitu wakati wenzake wote wameshatoa mizizi, tupa, na usizionee huruma kama unavyowaonea wale paka.

Pa kuzipandia, tumia viriba, au vile vikopo vya maganda ya mgomba nilivyokufundisha kusokota, virefu, maana mahindi hushusha mzizi haraka na hayapendi kuguswaguswa mizizi. Ukifika wakati wa kuhamisha unazika na kikopo chake, chenyewe kitaoza. Kina cha kupandia ni pingili moja ya kidole. Na wakishachomoza tu, watoe jikoni uwapeleke dirishani penye jua. Jiko ni la kuotea, si la kukulia. Mche ukikaa gizani kwenye joto hurefuka, hupauka, ukaanguka siku ya kwanza ya upepo. Mchana watoe nje wazoee, usiku warudishe ndani. Wakifikia urefu wa kiganja na majani matatu, wapeleke shambani, na shingoni mwa kila mmoja vika kipande cha kopo, sota, yule kiwavi mkata miche, asiukate usiku.

Bibi yako alikuwa akiniona nafanya haya anasema, "Huyu mke wa mwanangu ananyonyesha mahindi." Alisema hivyo mbele ya wageni. Sikukasirika sana.

Nilianza kuotesha jikoni mwaka ule wa tenda ya hoteli. Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka matenga tu. Mahindi matamu wakati huo hapa kijijini hakuna aliyekuwa nayo, na hoteli ilitaka kila wiki tenga moja, bei nzuri, fedha mkononi. Tatizo langu halikuwa kuota. Tatizo langu lilikuwa shamba la baba yako mdogo, lile la upande wa juu, ambalo mpaka wetu na wake ni ule mstari wa majani ya tembo. Hindi tamu likiangukiwa na unga wa mbelewele za hindi la kawaida, punje inageuka papo hapo, msimu ule ule. Inajaa wanga. Kila unywele unaouona pale kwenye suke una punje yake, na punje haichagui unga umetoka kwa nani.

Nikapiga hesabu: nikiotesha ndani mwezi wa pili, kabla ya masika, nitamtangulia. Wakati mbelewele zake zinatoka, nywele zangu zitakuwa zimeshakauka. Hata hivyo nikaenda kumuuliza. Akasema mwaka huu pale juu ni maharage matupu. Akaja mpaka jikoni akaona vikopo vyangu vimejipanga chini ya dirisha, akauliza vya nini, nikamweleza yote, mpaka hilo la unga na upepo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Siku ya kuhamisha alituchotea maji.

Mwanangu, miche ile ilikuwa mizuri. Hakuna shimo lililobaki tupu, sikurudishia hata moja. Wapita njia walikuwa wanasimama. Hata bibi yako alikuja na mkongojo wake, akatazama, akanyamaza, na kwake yeye kunyamaza ni sifa.

Kisha katikati ya maharage ya baba yako mdogo nikaona majani marefu. Mahindi. Mbegu ya muda mfupi, ile inayowahi. Yakapandisha mbelewele siku zile zile nywele zangu zinatoka, na upepo wa kusi ukishuka kutoka kwake kuja kwangu.

Tenga la kwanza mpishi alivunja hindi, akatafuna, akalirudisha tengani polepole. Akavunja lingine. Hakusema neno baya. Tulirudi na tenga na tenda ikaishia pale. Baba yako mdogo nilipomwambia, alijibu maneno matatu: "Mahindi ni mahindi."

Sasa mimi sisemi alifanya kusudi. Mbegu zile inasemekana alipewa, na mtu mwenye watoto sita hapewi mbegu akaziacha kwenye kopo. Shamba ni lake, aliachiwa na baba yake, hana haja ya kuniomba ruhusa. Na kuchanganya mahindi na maharage ndiyo kawaida ya hapa, labda kwake "maharage" maana yake ni hiyo. Yote hayo nimeyafikiria. Lakini nilimweleza, mwanangu. Alisimama pale kwenye kizingiti nikamweleza. Na maji alichota. Mtu anayekuchotea maji hakutakii mabaya, au ndiyo anataka uone ana moyo safi? Baba yako ananiambia niache. Nimeacha. Sisemi.

Ndiyo maana nakuuliza habari ambazo wewe hukuziuliza. Ulisema utaipanda mstari mmoja kando ya ua ili ipendeze. Usifanye hivyo, upepo utapeperusha unga wote barabarani na utavuna magunzi yenye mapengo. Panda mraba, mistari minne kwa minne, ipeane unga yenyewe kwa yenyewe. Na huyo mwenye nyumba, kwa ile kona yake ya nyuma, atapanda nini na lini? Muulize kwa adabu. Akikujibu, itika, ushukuru, halafu uwe unachungulia.

Kuhusu baridi nimeshakuambia. Mbegu haifi kwa kiu. Kama mkaa huko ni ghali nitakutumia fedha kidogo kwa simu, lakini iwe ya mkaa.

Baba yako anakusalimu. Amesoma barua hii akaniomba habari za mdogo wake nizitoe, kwa kuwa harusi ya binti yake ni mwezi ujao na sote tutakuwepo. Nimekataa.

Mama yako