Umemaliza kwilti ndo unaona kosa? Weka wembe chini kwanza

Yaani inauma jamani. Umeshona miezi, umefunga pindo, umekata uzi wa mwisho, unaitandika kitandani uipige picha, alafu jicho linaenda moja kwa moja pale ulipokosea. Yangu ilikuwa kwilti, lile blanketi la vipande, nilimshonea dada yangu kwa mkono miezi mitano, vipande vimepangwa kama feni zote zinazunguka kulia isipokuwa moja, safu ya tatu, inazunguka kushoto.

Usiku uleule nikashika wembe nikaanza kufumua, nimechoka, taa hafifu, wembe ukapita kwenye pamba ya katikati mpaka kitambaa cha chini. Sasa nina feni iliyogeuka na tundu juu yake.

Na kumbe kosa lenyewe la kuhangaikia hata sikuliona! Karibu na pindo kuna mshono niliuachia akiba ndogo mno, yaani kitambaa kinachobaki kati ya uzi na ukingo, kama milimita 2 hivi wakati huwa tunaacha 6, ilipofuliwa mara ya kwanza tu ukaachia, kidole kinapita.

Siku hizi nikimaliza nakagua kwa vidole, mchana, navuta kila mshono taratibu nione kama unacheza. Nikikuta kosa najiuliza, hili litakua au litabaki hivihivi? Kona zisizokutana, rangi zisizoendana, feni iliyogeuka, hizo hazikui, ziache. Mshono unaoachia au pindo lisiloshika tabaka zote tatu, hilo rekebisha kabla haijagusa maji.

Mshono ulioachia wala hauhitaji kufumua kwilti. Kunja kingo zote mbili kwa ndani, bana na pini, alafu sindano ipite ndani ya mkunjo wa upande huu, ivuke upande wa pili, irudi, kama ngazi, ukivuta uzi unazama hauonekani. Anza sentimita 2 kabla ya palipoachia na upitilize hivyohivyo. Kitambaa kikiwa kimechanika weka kiraka juu, ndo maana mabaki situpi kamwe. Na ukilazimika kufumua mishono ya mkono kata uzi katikati ya kosa, fumua kwenda pande zote mbili, ili zibaki ncha ndefu za kufunga fundo na kulizamisha ndani ya pamba, maana ukikata pembeni kabisa huna cha kufunga, na mishono mizuri nayo inaanza kuachia.

Rangi ikichuja usianike wala usipige pasi, irudishe majini ingali mbichi, maji mengi na sabuni, badilisha mpaka yatoke safi.

Alafu ukimpa mtu usianze kumwonyesha ulipokosea, tafadhali, mwache aipokee. Dada anajifunika nayo mwaka wa tatu sasa, feni bado inazunguka kushoto na hajawahi kuitaja, alichoniuliza ni kile kiraka cha chini, maana alitambua kitambaa cha gauni lake la zamani.