Njia za changarawe bila magari Ufaransa: fuata reli zilizong'olewa

Mkuu mleta uzi, umesema mwezi wa sita unakuja Toulouse kwa kaka yako, wewe na mkeo mna baiskeli za matairi mapana, na mnataka siku chache za kunyonga vijijini kwenye changarawe, pasipo gari, kwa sababu mama watoto akisikia lori nyuma yake anashuka. Wadau hapo juu wamekupa njia ya kando ya mto Loire na ile ya mfereji wa Canal du Midi. Nakaa huku kusini muda sasa na njia hizi nimezipita, kwa hiyo naomba niwapinge kidogo.

Loire kwanza, nisiwachoshe. Ni nzuri, kama kilomita 900, majumba ya wafalme kila upande. Lakini kipande kikubwa ni lami ya vijijini unayogawana na magari. Ni machache, ndiyo, ila yapo. Wafaransa wakiandika "véloroute" wanamaanisha njia iliyowekewa vibao kwa ajili ya baiskeli, basi. Gari linaweza kuwa nyuma yako muda wowote. Nyinyi tafuteni iliyoandikwa "voie verte". Hiyo kisheria chombo chenye injini ya kawaida hakiruhusiwi, na mwanzoni utaona kibao cha bluu cha mraba chenye picha ya mtembea kwa miguu na baiskeli, pengine na farasi. Usishangae tu ukikutana na trekta la mkulima anayeingia shambani kwake au gari la wafanyakazi wa matengenezo. Hao wana ruhusa, na kwa kawaida wanapunguza mwendo.

Canal du Midi sasa. Huu ni mfereji wa karne ya 17, wa Pierre-Paul Riquet, kilomita 240 kutoka Toulouse hadi ziwa la Thau kando ya Bahari ya Kati. Kutoka Toulouse hadi Port-Lauragais, kama kilomita 50, ni lami tupu. Watu wengi wanaishia hapo, wanapiga picha, wanarudi wakisema wameufanya mfereji. Mbele ya hapo kunaanza changarawe safi, kisha kadiri unavyoshuka kwenda Béziers kuna vipande vilivyobaki kuwa kichochoro cha udongo chenye mizizi iliyoinuka. Mizizi ile ikikushika kilomita kumi mfululizo, mikono inakufa ganzi. Halafu kuna suala la kivuli. Tangu 2006 ilipogundulika kwamba miti ya platani ya kando ya mfereji ina ugonjwa wa ukungu usio na tiba, imekatwa kwa maelfu, na ile mipya iliyopandwa bado midogo. Jua la mwezi wa sita huku si la mchezo, hata kwa mtu wa Dodoma.

Mimi ningewapeleka Passa Païs. Ni reli ya zamani kutoka Mazamet hadi Bédarieux, kati ya kilomita 75 na 80, inapita bonde lililo chini ya milima ya Haut-Languedoc. Vyuma viling'olewa, wakamwaga changarawe laini na kuishindilia. Raha ya reli iliyokufa ni kwamba treni za enzi hizo hazikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi walikata miamba, wakajenga madaraja na kutoboa mahandaki ili njia ipande kidogo kidogo. Wewe leo unapita milimani na hujawahi kusimama kwenye pedeli. Utajua tu kwamba umepanda kwa sababu umeshuka gia mbili bila kukumbuka ni lini.

Pandeni treni ya mkoa, TER, hadi Mazamet. Mkitoka mjini mnafuata mto Thoré kwenda juu, viwanda vya zamani vya sufu upande mmoja, malisho ya ng'ombe upande mwingine. Labastide-Rouairoux nunueni mkate na maji, halafu mnaingia handaki la Fenille, mita 760 hivi. Washeni taa na mvae koti kabla ya kuingia, msisubiri. Nje mtakuwa mnatoka jasho, ndani baridi inawapokea mlangoni, matone yanadondoka kutoka darini mpaka kwenye shingo, na mlio wa changarawe chini ya tairi unarudi kutoka kuta zote mbili hadi unadhani kuna msafara nyuma yenu. Hakuna, ni nyinyi tu. Mkitokea upande wa pili mambo yamebadilika. Maji ya upande mliotoka yanaishia Atlantiki kupitia mto Garonne, ya huku yanashuka na mto Jaur, kisha Orb, kwenda Bahari ya Kati. Mimea nayo inabadilika, na baadaye mnaanza kuona mizabibu.

Kuanzia hapo ni mteremko mpole, Courniou, Saint-Pons-de-Thomières, mpaka Olargues. Laleni Olargues. Kijiji kiko juu ya kilima, mnara wa kengele juu kabisa, mto umekizunguka, na njia yenu inavuka kwenye daraja la chuma la reli. Siku ya pili mna nafasi ya kuchepuka Mons-la-Trivalle mkaone korongo la Héric. Baiskeli ziacheni chini, mpande kwa miguu. Kisha mnamalizia Lamalou-les-Bains na Bédarieux bila haraka.

Kero ya njia hii ni vizuizi. Kila inapokatisha barabara wameweka mageti ya chuma kuzuia pikipiki, na mwenye mifuko mikubwa ya pembeni itambidi ajipenyeze. Mkiweza, fungeni mizigo mbele na nyuma badala ya ubavuni. Nyingine ni miiba: wakifyeka vichaka vya kando, vijiti vinabaki njiani. Kama matairi yenu hayatumii tyubu, wekeni dawa ya kuziba pancha ya kutosha. Kama yana tyubu, bebeni za akiba na pampu. Mvua ikinyesha changarawe ile inakuwa uji unaokula cheni na breki, basi mwagieni maji baiskeli jioni. Na mkikaa kwenye nyasi kagueni miguu, kupe wapo na wengine wanaambukiza ugonjwa wa Lyme.

Maji ya kunywa: makaburini. Sicheki. Makaburi mengi ya vijiji vya Ufaransa yana bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wote wanalijua. Mimi mwanzoni nilikuwa naona soni, sasa naingia, nasalimia waliolala, najaza chupa. Pakiwa na kibao "eau non potable" (maji yasiyofaa kunywa) hayo msiyanywe. Chakula nacho kina saa zake: maduka ya vijijini hufungwa mchana kama saa sita na nusu mpaka saa tisa au kumi, na Jumatatu duka la mikate mara nyingi halifunguliwi kabisa.

Kwa mwingine anayesoma akiwa kaskazini, angalia njia ya kando ya mto Mayenne, kama kilomita 80, tambarare, mchanga ulioshindiliwa. Laval ipo katikati na treni ya Paris inafika. Kwa watoto sijaona bora kuliko hiyo. Mwenye wiki nzima aende mfereji wa Nantes hadi Brest, kilomita 364, ulioanzishwa zama za Napoleon kwa sababu Waingereza walikuwa wanazuia meli baharini. Ukija vuli, kumbuka msimu wa uwindaji huanza Septemba hadi mwisho wa Februari. Ukiona kibao "chasse en cours" (uwindaji unaendelea) vaa rangi ya kung'aa.

Kurudi kwenu Toulouse, toka Bédarieux mnashuka na treni hadi Béziers, kisha mnabadilisha. Treni za Bédarieux ni chache, kwa hiyo ratiba itazameni kabla ya kupanga mnalala wapi. Halafu hukusema matairi yenu ni milimita ngapi. Kama ni 40 kwenda juu, punguzeni upepo kidogo na mko sawa. Kama ni 32, sema hapa, kuna jamaa humu ana maoni makali kuhusu hilo.