Inchaji wa wodi, anza na ratiba ya zamu

Inchaji, yaani muuguzi anayeongoza wodi, akichoka kihisia haanzi kwa kulia. Anaanza kusaini daftari la makabidhiano bila kulisoma, kumkatisha ndugu wa mgonjwa katikati ya swali, na kushtuka kila simu ikiita. Kwa kawaida huambiwa apumzike na kusali. Ni vyema, ila Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza kuwa hali hii inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Basi tuanzie kazini, kwenye ratiba.

Piga hesabu. Wodi yenye zamu tatu kwa siku ina zamu 21 kwa wiki. Ukitaka wauguzi wawili kila zamu, nafasi za kujaza ni 42. Kila muuguzi akifanya zamu tano, unahitaji watu tisa, na hapo hajaumwa mtu wala hajajifungua. Kwa Tanzania likizo ya mwaka ni siku 28, kwa hiyo wodi yenye wauguzi 13 ina mmoja aliye likizo karibu kila siku ya mwaka. Wewe una saba? Pengo hilo unaliziba kwa mwili wako, na kwa kuwa unaliziba, uongozi unaona wodi inakwenda tu. Kila mwisho wa mwezi mpelekee matroni, mkuu wa wauguzi, karatasi moja: zamu zilizohitajika, zilizofanywa na mtu mmoja, na ulizofunika mwenyewe. Bakiza nakala yenye saini ya mpokeaji.

Watu hawataongezwa kesho. Kwa hiyo amueni mapema, mkiwa mmetulia, zamu ya mtu mmoja inaacha nini. Dawa na vipimo vya wagonjwa mahututi haviachwi. Kupanga stoo kunasubiri.

Simu nayo iwekewe mipaka. Kiongozi wa zamu akupigie usiku kwa mambo matatu tu: kifo kisichotarajiwa, kosa la dawa lililomfikia mgonjwa, au zamu kukosa mtu kabisa. Mengine yaandikwe daftarini. Wiki za mwanzo watapiga hata kwa glovu zilizoisha. Ukiwapa jibu, mpaka umeufuta mwenyewe.

Baada ya kifo kizito, hasa cha mama leba, kaeni dakika kumi kabla zamu haijatawanyika. Ulizeni: kimetokea nini, nani kimemkaa moyoni, nani abadilishiwe kazi kesho? Msiandike chochote. Wengi huharibu hapa kwa kuchanganya kikao hiki na kile cha kuchunguza kifo. Mtu akihisi anahojiwa, ananyamaza na kwenda na uchungu wake nyumbani. Wewe mwenyewe ukautue mzigo wako kwa inchaji wa wodi nyingine. Anayekupima utendaji hafai kwa hilo, hata awe mwema vipi.

Usingizi ukikata kwa wiki mbili mfululizo, muone mtaalamu wa afya ya akili, ikibidi katika hospitali nyingine usikojulikana. Yakija mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, na zamu yako aifunike mwingine.