Tairi za Wish zisizopiga kelele

Mkuu, hiyo Toyota Wish ya familia unayosema inavuma ukishika barabara ya Morogoro, usiifungie tairi zenye kashata (yale meno ya tairi) kubwa za rafu rodi hata muuzaji asifie vipi, hizo ndo zinapiga kelele kwenye lami. Chukua za lami zenye kashata ndogondogo na ubaki na saizi ileile, kama ni 195/65 R15 usihamie rimu kubwa na tairi nyembamba maana mashimo yetu haya utayasikia mgongoni. Za mtumba achana nazo kabisa, unabeba watoto! Cheki namba nne za mwisho za DOT, ile kodi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, 2324 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2024. Upepo jaza kama stika ya mlangoni inavyosema, na balansi ya magurudumu usiruke.