Peke yake, si "pekee yake"

Swali: Ninatafsiri makala kuhusu dini ya Buddha, na nimekwama kwenye neno la Kisanskriti "pratyekabuddha", yaani mtu aliyeamka kiroho bila mwalimu na asiyeanzisha mafundisho kwa ajili ya wengine. Niandike "Buddha wa pekee", "Buddha mpweke" au "Buddha wa pekee yake"?

Jibu: Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu linaniudhi kila siku, magazetini na redioni. Kiswahili sanifu hakina "pekee yake". Kina "peke", ambayo haisimami bila kimilikishi: peke yangu, peke yako, peke yao, na kina "pekee", inayojitosheleza, yenye maana kwamba hakuna mwingine. Mtoto wa pekee hana ndugu hata akiwa katikati ya umati. Mtoto aliye peke yake hana mtu karibu, hata kama ndugu zake ni kumi. Niliwahi kusikia tangazo la msiba likisema marehemu "ameacha mtoto pekee yake", tukabaki tunaulizana kama marehemu alizaa mtoto mmoja tu, au kuna mtoto aliyefungiwa nyumbani bila mtu wa kumtazama. Wafiwa hawakustahili utata huo, na ulitokana na herufi moja tu.

Kwa sababu hiyo hiyo, "Buddha wa pekee" haifai: inadai kwamba yupo mmoja tu, ilhali maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya dini hiyo, yanayowaita "paccekabuddha", yanasimulia kuwa 500 kati yao waliishi zamani katika mlima Isigili, karibu na mji wa Rajagaha nchini India. "Mpweke" ni afadhali, lakini masikioni mwa wengi upweke ni huzuni ya kukosa mwenzi, na watu hawa waliuchagua. Utenzi wa Kipali unaohusishwa nao, uliomo katika Sutta Nipata, mkusanyiko wa kale wa mafundisho ya Kibuddha, una kibwagizo kinachomhimiza mtu atembee peke yake kama pembe ya kifaru. Na tukumbuke kwamba kifaru wa India ana pembe moja, si mbili kama wa kwetu.

Neno lenyewe limeundwa kwa "prati" na "eka", yaani kila mmoja kivyake. Basi andika "Buddha wa peke yake", na mara ya kwanza ueleze kwamba aliamka bila mwalimu. Wakiwa wengi, kimilikishi kibadilike: "Mabuddha wa peke yao". Ile "e" ya pili usiirudishe.