Kijana mtukutu aitwe nani?

Barua za safari hii zimegongana kwenye jambo moja: jina la mhusika. Tumeanza na iliyokuja na malalamiko mengi zaidi.

SWALI: Salaam wahariri. Naandika riwaya ya vipande, nairusha kwenye kundi la WhatsApp kila Ijumaa. Shujaa wangu ni dereva wa bodaboda wa miaka 22 hapa Uyole, mtulivu wa sura lakini hamwogopi tajiri wake wala kiongozi wa kijiwe. Nimemwita Jax Steele. Wasomaji wanasema hadithi tamu ila jina linawachekesha. Nipeni majina matano makali nichague moja.
Mwandishi chipukizi, Uyole

JIBU: Matano hatutakupa, maana utachagua moja na kurudi pale pale. Tulipime kwanza hilo ulilonalo. Konda wa daladala ya Mwanjelwa atalitamka Jaksi. Likikaa kijiweni siku mbili litakuwa Jeki, kile chuma cha kuinulia gari tairi likipasuka. Shukuru hukumwita Ryder: Kinyakyusa hakina sauti ya r, kwa hiyo bibi yake wa Tukuyu angemwita Laida, na hapo ubabe wote umekwisha.

Ila matamshi ndiyo kasoro ndogo. Kubwa ni kwamba jina lako limemaliza kazi kabla kijana hajawasha pikipiki. Mtoto hupewa jina na wazazi, na hakuna mzazi wa Rungwe anayemtazama kichanga wa siku saba akamwita chuma cha pua. Atamwita Lusajo, yaani baraka. Au Lusekelo, furaha, Ipyana, neema, Gwamaka, mwenye nguvu. Hapo ndipo penye utajiri wako na umeupita. Mama aliomba baraka, akapata mtu anayelala mahabusu Jumamosi. Msomaji wa Mbeya akisoma tu "Lusajo, toka nje, askari wanakuita", ameshacheka na ameshaumia.

Kwa hiyo mpe jina la nyumbani lililo pole, kisha tafuta la kijiweni. La kijiweni lina masharti yake. Hajipi mwenyewe. Anayejipa jina la kutisha ni mwoga anayejikinga, na mhusika wa namna hiyo anafaa sana, lakini si huyu. Jina la utani huanza kama kejeli ya mtu mwingine, likitokana na tukio moja unaloweza kulisimulia kwa sentensi mbili. Chukua huyu wako. Tairi lilipasuka, akatengeneza kwa pesa yake, jioni akapeleka nusu ya hesabu na kukataa kuongeza hata shilingi. Tajiri akawa anamtukana mbele ya watu: "Yuko wapi yule Nusu?" Kijiwe kikalidaka. Miezi miwili baadaye ni jina la heshima, na tajiri peke yake ndiye anayeona aibu kulitamka.

Tazama linavyofanya kazi. Lina silabi mbili, kwa hiyo linaitika toka ng'ambo ya barabara pikipiki zikinguruma. Halitishi. Na linabeba maana nyingine kadiri hadithi inavyokwenda, kama baba yake alikufa mapema au kama kila anachoanza hakimaliziki. Lina hatari moja tu: "Nusu alisubiri nusu saa." Ukilichagua, kwenye masimulizi yako muda uhesabu kwa dakika.

Sasa andika ukurasa mmoja wa mazungumzo ambamo watu wanne wanamwita: mama, kijiwe, askari anayeandika maelezo, na binti anayempenda. Mama ataita Lusajo, silabi zote tatu. Kijiwe, Nusu. Askari atataka majina matatu, lake, la baba na la ukoo. Binti atakata, labda Sajo, na mtu mwingine yeyote asiruhusiwe kulitumia katika riwaya nzima. Kama wote wanne wanamwita jina lile lile, mhusika wako hajaasi chochote, kwa sababu hana anayemwona tofauti na mwenzake. Na ukishayapanga hivi umepata silaha ya bure: siku tajiri atakapomwita "Lusajo" kwa sauti ya chini, huna haja ya kueleza kwamba mambo yamegeuka.

Tahadhari kuhusu ukoo. Huku kwetu Mwa- ziko kila mlango. Ukiwa na Mwakipesile, Mwakalinga na Mwakatobe kwenye ukurasa mmoja, jicho la msomaji huona "Mwak-" na kuruka mbele. Baada ya kurasa tatu hajui nani kampiga nani. Ruhusu Mwa- moja tu itumike mara kwa mara, wengine waitwe kwa jina la kwanza au la mtoto: Baba Tumaini, Mama Neema. Na ukichanganya, eleza. Lusajo Sanga anawezekana kabisa, baba Mkinga wa Makete mwenye duka Mwanjelwa na mama Mnyakyusa, lakini sema hilo mapema kwa mstari mmoja, la sivyo utapata maswali ya ukoo badala ya maoni ya hadithi.

Jina la kigeni halijakatazwa. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walipendwa na wasomaji wengi, na kila mmoja ana jina la kwanza lililotoka mbali. Angalia la pili: gamba, na kiango cha kuwekea taa. Uzito umewekwa kwenye neno la nyumbani. Wewe uliweka ugeni mbele na nyuma, hapakubaki pa kukanyaga.

SWALI: Kamwene wahariri. Tunaandaa mchezo wa redio. Kijana wetu mkorofi anaitwa Radi. Tulipowasomea watu, walichanganyikiwa mara mbili tatu. Jina libaki?
Kikundi cha maigizo, Mafinga

JIBU: Kwenye karatasi herufi kubwa inawaokoa. Kwenye redio hamna herufi kubwa, kuna ngeli tu. "Radi alipiga mlango" inaeleweka kwa sababu ya a-. "Radi ilipiga mti" kwa sababu ya i-. Shida huja pale ambapo kitenzi hakisaidii: "Mnasikia mlio wa Radi?" au mtu anapopiga kelele "Radi!" na msikilizaji akadhani watu wakimbilie ndani. Kama mchezo una mvua hata tone moja, badilisheni. Kanuni yetu ni kwamba jina la utani linalotokana na kitu lisitokane na kitu kinachoonekana ndani ya hadithi yenyewe. Fundi seremala asiwe Nyundo.

Nyundo tumeitaja kwa makusudi. Ndivyo wenyeji walivyomwita Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyeuawa Lugalo, Iringa, tarehe 17 Agosti 1891. Hilo hakulichagua yeye. Lilitoka vinywani mwa waliopigwa. Jiulizeni basi Radi wenu aliitwa hivyo na nani. Kama jibu ni "na mwandishi", ondoeni.

Jambo jingine la redio: silabi ya kwanza ndiyo inayoshikwa na sikio. Radi, Rama na Rajabu katika onyesho moja ni mtu mmoja mwenye sauti tatu. Badilisheni irabu: Rama, Seke, Kibo, Duli.

SWALI: Naweza kumpa mhusika wangu jina la Mkwawa? Au ukoo wa kiongozi anayejulikana, ili aonekane mzito?
Msomaji, Njombe

JIBU: Mkwawa, hapana. Lenyewe ni ufupisho wa Mkwavinyika, na limebeba Lugalo, mwaka 1898 alipojiua asikamatwe, na fuvu lililorudi Kalenga mwaka 1954. Kijana wako akiiba kuku, msomaji atalinganisha. Afadhali wenzake wamwite hivyo mara moja, kwa kejeli, siku aliyokataa kulipa faini. Kuhusu viongozi walio hai, andika jina la kwanza na la ukoo kwenye intaneti, yote mawili ndani ya alama za kunukuu. Likitokea la mtu halisi, badilisha la kwanza. Likiendelea kumgusa, badilisha yote.

SWALI: Nimwite Simba?
Bila jina, Tunduma

JIBU: Nusu ya wasomaji watamchukia kabla hajasema neno, kwa sababu za mpira.

SWALI: Mhusika wangu ana miaka 20, anaitwa Longino, jina la babu yake. Rafiki zangu wanasema ni la kizee mno kwa kijana mtata.
Msomaji, Ludewa

JIBU: Usiliguse. Kwa mapokeo ya Kanisa, Longino ndiye askari aliyemchoma Yesu ubavuni kwa mkuki, kisha akaishia kuwa mtakatifu. Kijiweni watalikata liwe Longi, na kwa kuwa kulonga ni kusema, mfanye awe mtu asiyeongea.